Mwaka Niliosubiri Kuulizwa Swali

Wiki iliyopita tulikusanyika Masha, nyumbani kwa Daktari Kyomugisha, kumuaga. Hakufa, amestaafu tu, na jambo hilo alilitangaza mwenyewe mlangoni kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku: "Mimi hapana kufa, nyinyi nalia nini?" Tukaingia sebuleni, tukapewa chai ya maziwa mazito ya ng'ombe wake, na mhadhiri mmoja kijana akasimama kutoa hotuba. Akasema Daktari alikuwa mama yetu mpole. Akasema alitukumbatia sote katika chama chetu cha wanasayansi, wenyeji na wakimbizi, kwa moyo laini na maneno matamu. Chai ilinipalia. Nilikohoa hadi jirani yangu akanigonga mgongoni. Daktari naye aligeuza shingo, akaniuliza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Furaha, huyu nasema juu ya nani?" Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na kwa kweli si yote yaliyokuwa ya kicheko. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiufikiria mwaka ule. Sijawahi kuusimulia vizuri, kwa sababu watu wakiona nimetoka Kivu Kusini wanataka kusikia habari za vita na za njiani. Hizo nimezisimulia vya kutosha, kwenye ofisi nyingi, mbele ya watu wengi wenye kalamu. Leo naziruka.

Nilikuwa nakaa Nakivale, kambi ya wakimbizi kando ya ziwa hapa Uganda, upande tunaouita Nyu Kongo, katika chumba kimoja cha udongo chenye paa la turubai. Kitanda ndicho kilichokuwa meza. Nilikuwa nimesomea kilimo Bukavu hadi nikamaliza, na jirani yangu Mama Neema, mwanamke wa Fizi, kwetu Kivu, aliyeuza ndagala, yaani dagaa, sokoni, alikuwa akiniita Enjeniere, yaani injinia, nusu kwa heshima na nusu kwa kunicheka, maana enjeniere gani huyo anayeomba chumvi kila jioni. Mwaka ule shirika lililosimamia mashamba ya maharage kambini lilikuwa linatafuta mtaalamu wa mazao. Mkuu wake alikuwa Mganda mmoja mnyoofu. Aliniambia wazi kwamba kazi angependa kunipa mimi, ila diploma yangu ilikuwa ya Kifaransa na ya nchi nyingine, na wakubwa wake hawangeikubali mpaka niwe mwanachama kamili wa chama cha wanasayansi wa udongo na mimea, tawi la Mbarara. Angeningoja hadi mwisho wa mwaka, basi. Nilipomweleza Mama Neema, alisogeza mafungu yake ya ndagala pembeni akanionyesha upande mtupu wa meza yake. "Enjeniere, hapa kuko fasi," alisema. "Ndagala haiulizake mutu diploma." Alisema kwa upendo kabisa. Niliona miaka yangu yote ya kusoma majani, mizizi na wadudu ikiishia pale, nikifukuza nzi kwa kipande cha katoni.

Chama kilinipokea kwa shangwe. Mwaka huohuo kilikuwa kimeamua kufungua milango, kwa sababu mtu fulani aliangalia orodha ya wanachama akaona kwamba karibu wote walitoka vyuo vilevile, makabila yaleyale, na wengi walikuwa wanaume wenye vitambi. Wakaunda Kamati ya Ujumuishi. Mwenyekiti wa tawi, Bwana Byaruhanga, mtu mwema aliyependa kushika mkono wa mtu kwa mikono yake miwili, aliniingiza katika kamati hiyo siku yangu ya kwanza, kabla hata sijaonyeshwa choo kilipo. Nilipigwa picha nikiwa nimeshika mche wa mgomba. Nilipokuja mara ya pili niliikuta picha hiyo kwenye bango pale mlangoni, mimi mkubwa kuliko mlango wenyewe, na juu ya kichwa changu maandishi yanayosema sayansi ni ya wote. Mlinzi wa geti alinitazama, akalitazama bango, akanipigia saluti. Sina budi kusema nilifurahi. Nilikuwa nimekaa miaka bila mtu yeyote kunipigia saluti.

Mikutano ilifanyika Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, katika ukumbi wa masista uliokuwa na sakafu nyekundu iliyong'arishwa hadi mtu aogope kukanyaga. Ukutani kulikuwa na kijidirisha cha kupitishia chakula kutoka jikoni, na harufu ya matoke yanayoiva ndani ya majani ilituingilia katikati ya mada, ikawafanya wazee waanze kutazama saa. Kulikuwa na sosi ya karanga, nyama ya kuchemsha, na eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli ambao Wanyankole, wenyeji wa huku, hawamwekei mtu wasiyemthamini. Mimi nilipakuliwa wa kwanza. Sahani yangu ilijazwa na profesa mzima, akiniambia kwa Kiingereza cha polepole kwamba nile, nile, nisione haya. Wenzangu wote walipanga foleni, wakisukumana na kubishana kuhusu mbolea, na mimi nilikuwa nimekaa peke yangu meza ya mbele na mlima wa matoke, nikisikiliza ubishi ule kwa mbali. Nilikuwa na maoni kuhusu mbolea ile. Mdomo ulikuwa umejaa.

Sasa kulikuwa na desturi moja katika tawi lile, na hiyo ndiyo nusura iniponze. Anayetoa mada husimama mbele, na hakai mpaka ameulizwa maswali na kuyajibu. Kiti hakiwekwi kabisa. Wenyewe waliiita kusimama kizimbani, na niliona wanaume wazima wakitoka jasho pale, wakibadilisha mguu, wakiulizwa walipima wapi, kwa chombo gani, na nani aliwaambia. Siku ya mada yangu ya kwanza, iliyohusu magonjwa ya mihogo, nilikuwa nimejiandaa kwa hayo yote. Mwalimu mmoja wa kambini alinisaidia kuiandika kwa Kiingereza, na usiku na mchana nilikuwa naikariri hadi Mama Neema naye akaanza kuimba baadhi ya maneno. Nilisoma, nikafika mwisho, nikainua uso. Bwana Byaruhanga alikuwa anakuja mbele amebeba kiti. Alikiweka nyuma yangu, akanikalisha kwa kunishika bega, akawageukia wanachama. Wakasimama wote wakapiga makofi. Mwanamke mmoja alipiga vigelegele. Hakuna aliyeuliza kitu.

Mara ya pili nilitoa mada kuhusu bungua wa mahindi, na mambo yakawa yaleyale: kiti, bega, makofi, matoke. Ndipo nilipomfuata katibu nikamuuliza lini jina langu litapelekwa kupigiwa kura ya uanachama kamili. Alikuwa kijana mwenye adabu na alionekana kuumia. Akanieleza kwamba katiba ya chama inamtaka mwombaji awe ametoa mada iliyojadiliwa mbele ya mkutano. Nikamwambia nimetoa mbili. Akasema ndiyo, nyabo, kama wanavyomwita mwanamke kwa heshima huku, lakini hazikujadiliwa. Katika kumbukumbu za vikao ameandika kwamba zilipokelewa kwa makofi, kwa sababu ndicho kilichotokea, na yeye hawezi kuandika uongo. Kwa hiyo katika chama mimi bado ni mgeni mwalikwa. Nikamuuliza inawezekanaje niwe kwenye kamati, niwe kwenye bango, na nisiwe mwanachama. Alifikiri kidogo, akasema hilo ni swali zuri sana. Lilikuwa swali la kwanza zuri lililoulizwa kuhusu mimi katika ukumbi ule, na lilibidi niliulize mwenyewe.

Jioni ile nilimkuta Mama Neema nje anasonga bugali. "Banasema nini ba Mbarara?" aliuliza. Nikamwambia: "Balinipigia makofi tena." Aliacha mwiko ndani ya sufuria. "Balikuuliza nini?" "Habakuniuliza kitu." Alitikisa kichwa. "Sasa makofi tutayakulaka na nini? Na sombe?" Tulicheka, kisha tukala bugali kwa hiyo sombe, yaani kisamvu. Mvua ilikuwa inajikusanya upande wa ziwa. Nilimwambia bado kuna mkutano mmoja kabla ya mwaka kwisha. Naye akaniambia, bila kuniangalia, kwamba ule upande wa meza bado ni mtupu.

Siku hizi vijana wananiuliza kama nilibaguliwa, na mimi hushindwa kujibu haraka. Mtu anayekubagua unamjua, unamchukia, unalala. Hawa walinipenda. Siku ya mkutano wa mwisho nilifika mapema, nikaenda jikoni kuomba maji, na kupitia kile kijidirisha nikamsikia Bwana Byaruhanga ukumbini akiwapanga wenzake kwa Kiingereza, ambacho nilikielewa kuliko walivyodhani. Alisema leo dada yetu atatoa mada ya mwisho, tafadhali mtu asimsumbue kwa maswali, ameteseka vya kutosha, tumpe makofi ya nguvu. Profesa wa matoke akaitikia kwamba kwao hata mgeni wa kawaida haulizwi kitu kabla hajanywa maziwa, seuze huyu aliyepoteza kila kitu. Sauti zao zilikuwa za huruma ya kweli. Sista aliyekuwa akimenya ndizi alinitazama, akaniongezea maji kikombeni. Nilitamani niingie ukumbini niwapigie kelele, lakini utampigiaje kelele mtu anayekuhurumia? Angekuhurumia zaidi. Nikanywa maji yangu, nikaona kwamba nimekwisha, na kwamba nimemalizwa na watu wema.

Mada yangu ya siku hiyo ilikuwa majivu. Pale kambini kila nyumba inapikia kuni, na majivu hutupwa bustanini. Mimi nilikuwa nimezunguka bustani nyingi nikaona kwamba maharage yaliyo kwenye majivu yanashiba kijani, na yaliyo mbali nayo yanakuwa manjano na kudumaa. Nikahitimisha kwamba udongo wetu una uchachu, na majivu yanautuliza. Nilikuwa nimejivunia sana kazi ile. Nilisoma hadi mwisho, na kama kawaida nikasikia hatua za Bwana Byaruhanga, na miguu ya kiti ikigusa sakafu nyuma yangu. Watu walikuwa wameshaanza kusimama.

"Toa hiyo kiti."

Sauti ilitoka nyuma kabisa. Kulikuwa na mwanamke mrefu, mweusi, mwenye mvi zilizokatwa fupi, amekaa karibu na mlango na viatu vyenye matope. Sikumjua. Alikuwa Daktari Kyomugisha, bingwa wa udongo, aliyerudi wiki ile kutoka masomoni ng'ambo na hakuwapo walipokuwa wakipangana asubuhi. Baba yake alikuwa mwanajeshi na yeye alikulia kambi ya jeshi, kwa hiyo Kiswahili alichokijua kilikuwa kile cha vizuizi vya barabarani. Akikusalimu nacho unatafuta kitambulisho.

Bwana Byaruhanga alimwambia kwa upole kwamba dada amechoka. "Nani nasema yeye nachoka?" Akanigeukia. "Wewe, nyabo. Nachoka?"

"Hapana, Daktari."

"Basi simama. Nyinyi kaeni chini, nafanya kelele ya nini?" Ukumbi mzima ukakaa. "Hii majivu. Iko karibu na nyumba ama mbali?"

"Karibu na nyumba."

"Na maji ya kuosha sahani, nyinyi namwaga wapi?"

Nikaanza kuona anakoelekea. "Karibu na nyumba."

"Mbuzi nalala wapi?"

"Karibu na nyumba, Daktari."

"Na watoto usiku nakojoa wapi?" Mtu mmoja alicheka, Daktari akamkata kwa jicho. "Sasa karibu na nyumba iko majivu, iko maji ya sahani, iko mavi ya mbuzi, iko mkojo. Wewe najua namna gani ni majivu?"

Sikujua. Nikauona ubovu wa kazi yangu wote kwa mara moja, ubovu ambao ningeuona mapema endapo, kama miaka ya Bukavu, mwenzangu mmoja tu angekuwepo wa kunibishia. Ilinichoma. Na papo hapo, chini ya ule uchungu, nilisikia mabega yangu yakilegea. Huyu mwanamke alikuwa ameyasikiliza maharage yangu. Alikuwa ameyatembelea kichwani mwake, bustani hadi bustani, akakuta mbuzi niliyemsahau. "Sijui," nikasema. "Sikutenganisha. Ilinipasa kuweka majivu kwenye mistari ya mbali, na mingine niiache bila kitu."

"Ilikupasa," alisema. "Kwa nini hapana kufanya?"

"Bale benye shamba za mbali habakunijua bado," nikajibu, na katika haraka ile Kiswahili changu cha nyumbani kilinitoka chote. "Mutu hawezi kukuachia mistari yake tu vile vile. Iko ya chakula. Ukikosea, batoto habakuli."

Hapo profesa wa matoke alishindwa kuvumilia. Aliuliza, akitafuta maneno kwa Kiswahili cha soko, kama kuna mtu amewahi kupima uchachu wa udongo wa Isingiro, wilaya yenye kambi yetu, upande ule wa ziwa. Mwingine akasema amewahi, na si mchachu hivyo. Mwingine akasema upande wa mlimani ni mchachu. Wakaanza kurushiana maneno kwa lugha tatu, na mimi niliingia katikati, nikamwambia yule wa pili kwamba alipopima yeye ni bondeni, na bustani nilizozungumzia ziko juu. Akanijibu kwa ukali. Nikamrudishia. Nilibadilisha mguu, nikafuta jasho kwa kanga yangu. Katibu alikuwa anaandika kwa kasi, kichwa chini, na nilimwona anatabasamu. Masista walitoa matoke kijidirishani, yakapoa. Hakuna aliyepiga makofi tulipomaliza, kwa sababu hatukumaliza. Njaa ndiyo iliyotutawanya.

Nilipanga foleni ya chakula kama wengine. Nilipofika mbele nyama ilikuwa imekwisha, nikapewa matoke na mchuzi, na yule mtu wa bondeni alinifuata hadi mezani akiendelea kubisha. Alasiri jina langu lilisomwa. Katibu akasema mada imejadiliwa. Mikono iliinuka, wa Daktari ukiwa miongoni mwa mikono hiyo, ingawa alikuwa ametazama dirishani kama mtu anayefikiria mambo mengine. Nilikwenda nyuma ya ukumbi, mahali masista walipoanika mashuka, nikalia kwa sauti. Sikulia kwa huzuni. Nilikuwa nimebana pumzi mwaka mzima bila kujua. Bwana Byaruhanga alinikuta huko, akaogopa kwamba wameniumiza, akaanza kuniomba radhi kwa niaba ya Daktari. Nilimshika mikono kwa mikono yangu miwili, kama desturi yake, nikamwambia: "Mwenyekiti, usimwombe mtu radhi. Leo nimeingia." Nadhani ndipo alipoelewa, maana uso wake ulibadilika ukawa wa aibu kidogo, na kuanzia siku hiyo hakunisemesha tena kwa Kiingereza cha polepole.

Kazi ya shirika niliipata. Mama Neema alirudisha ndagala kwenye ule upande mtupu wa meza, akidai kwamba nimempotezea msaidizi. Daktari alikuja Nakivale na viatu vyake vya matope, akanichimbisha udongo wa mashamba ya mbali huku yeye amesimama anaangalia, na msimu uliofuata tukawa na mistari ya kulinganisha. Majivu yalisaidia, lakini si kama nilivyojigamba. Sehemu kubwa ya sifa ilimwendea mbuzi. Leo mimi ndiye ninayeongoza ile kamati ya ujumuishi, na tuna Wakongo, Warundi, na wanawake wa kutosha kugombana. Wageni tunawapa chakula kama zamani. Ila nimeweka sharti moja, kwamba hakuna mtu mpya atakayeondoka mbele bila kuulizwa jambo gumu na mtu aliyemsikiliza kweli. Wapo wanaoona sharti hili ni la kikatili. Huwa nawajibu kwamba waje tukae, niwasimulie.

Lakini siku niliyoamini kabisa kwamba nimeingia haikuwa ile ya kura. Ilikuwa ile ya mkutano wa kwanza baada ya pale. Mhadhiri mmoja alitoa mada kuhusu kutandaza nyasi kwenye migomba, akaonyesha kwamba migomba iliyotandazwa inazaa zaidi, na watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mkono wangu uliinuka kabla sijaamua kuuinua. Nilimuuliza kama migomba iliyotandazwa ilikuwa chini ya mteremko, ambako maji na udongo mzuri hutelemkia, na isiyotandazwa ilikuwa juu. Alitazama picha zake. Kisha akamgeukia Bwana Byaruhanga, akimwomba kwa macho amwokoe na huyu mama wa kambini. Bwana Byaruhanga alikunja mikono kifuani, akaegemea.

"Jibu, bwana," alisema, kwa Kiswahili kilekile cha Daktari. "Mwenzako nangoja."